Nipe Mji, Usinipe Nyota

Mhakiki anayeupa mchezo wa maandishi nyota tatu kati ya tano, kisha akaongeza sentensi mbili kwamba mwanzo unavutia ila katikati panachosha, hajaniambia kitu. Hajaniambia aliandika nini kwenye kibodi. Hajaniambia mchezo ulimjibu nini. Hajaniambia alifikia mwisho upi kati ya miisho iliyomo, wala alijaribu nini kikakataa. Amenisomea hukumu ya kesi huku ushahidi ameuacha nyumbani. Na mimi msomaji wake natakiwa niipokee, nifunge ukurasa, nisicheze.

Nina ugomvi na uhakiki wa namna hiyo, na leo nitausema wote. Dai langu ni moja: anayehakiki mchezo wa maandishi ana wajibu wa kusimulia njia aliyopita yeye mwenyewe, pamoja na mahali alipokwama. Asipofanya hivyo hajahakiki. Amepiga kura tu.

Kwa asiyeifahamu michezo hii, maelezo mafupi. Mchezo wa maandishi hauhitaji picha. Programu inakueleza kwa maneno mahali ulipo na kilicho mbele yako; wewe unaandika amri kama "chukua taa" au "nenda kaskazini", nayo inakueleza kilichotokea. Mingine haitaki uandike. Inakuwekea viungo, unabofya unachochagua, hadithi inaendelea kwa njia uliyoichagua. Kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu ya kitochi anaujua mfumo huo: bonyeza moja kwa hili, mbili kwa lile, sifuri kurudi nyuma. Tofauti ni kwamba menyu ya pesa haina hadithi, na ukikosea huko unaumia kweli.

Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta huko Massachusetts aliyependa kuingia mapangoni, aliandika Adventure kwa kufuata ramani ya sehemu ya Mammoth Cave huko Kentucky. Alitaka mabinti zake wawe na kitu cha kucheza. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford aliupanua. Mwaka huohuo vijana wa MIT walianza kuandika Zork, na 1979 wakawa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Infocom. Kampuni iliuza, ikakua, ikanunuliwa na Activision mwaka 1986, ikafungwa 1989. Soko lilipokufa, wapenzi wa michezo hii waliichukua wenyewe. Mwaka 1993 Graham Nelson alitoa Inform, mfumo wa kuandikia michezo ya amri, bila malipo. Mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, nayo bila malipo, ambayo haimdai mtunzi kujua programu hata kidogo. Tangu Infocom ifungwe, sehemu kubwa ya michezo hii imeandikwa na watu wasiolipwa na kugawiwa bure.

Hilo la kutolipwa lishike vizuri, kwa sababu ugomvi wangu umejengwa juu yake. Mtu anakaa miezi sita, pengine miaka miwili, akiandika majibu ya maswali ambayo huenda hakuna mtu atakayeyauliza. Anaandika mchezo utajibu nini endapo mchezaji ataamua kuila barua badala ya kuisoma. Akimaliza anauweka hadharani bure. Ujira wake pekee ni kujua kwamba kuna mtu alipita humo, akaona. Sasa mtu huyo aliyepita anatoka na kumwachia namba. Sita. Sita ya nini?

Tuanze na sababu iliyo wazi zaidi. Ukihakiki riwaya, mimi na wewe tumesoma maneno yaleyale. Tunaweza kubishana kuhusu sura ya tano kwa sababu sura ya tano ni moja. Mchezo wa maandishi hautupi sura ya tano moja.

Chukua Galatea, mchezo ambao Emily Short aliutoa mwaka 2000. Ndani yake kuna sanamu iliyo hai, imesimama kwenye maonyesho ya sanaa, imekupa mgongo. Huna safari ya kusafiri wala hazina ya kutafuta. Kuna mazungumzo tu. Unauliza kuhusu jambo fulani, unaeleza jambo fulani, unagusa, unanyamaza, unaondoka. Miisho yake ni makumi. Kilichonifurahisha zaidi ni nafasi aliyopewa mchezaji: wewe humo ndani ni mhakiki. Umekuja kuitazama sanamu na kutoa maoni. Short alitutega mapema kabisa.

Mimi na rafiki yangu tuliucheza jioni moja, kila mtu na simu yake, bila kuambizana. Yeye aliuliza kuhusu aliyeichonga sanamu, akarudi hapohapo kila mazungumzo yalipopoa. Mimi niliuliza kuhusu miungu. Kwake sanamu iligeuka ikamtazama. Kwangu ilibaki imenipa mgongo mpaka nikaondoka. Tulipokaa kulinganisha tulikuta tuna hadithi mbili: yake ilihusu mtu aliyeachwa na muumba wake, yangu ilihusu mtu asiyetaka kuhojiwa. Zote mbili Short alikuwa ameziandika. Kama kila mmoja wetu angeandika kwamba mhusika amejengwa vizuri, nyota nne, msomaji angedhani tumekubaliana. Kumbe hatukuwa tumesoma kitu kimoja.

Au chukua 80 Days, mchezo wa mwaka 2014 wa kampuni ya inkle ambao maandishi yake kwa sehemu kubwa ni ya Meg Jayanth. Unazunguka dunia kutoka London mpaka London, ukichagua mji unaofuata na chombo cha kukupeleka. Una maneno zaidi ya 500,000, na safari moja inakuonyesha sehemu ndogo tu ya maneno hayo. Mhakiki aliyesafiri mara moja, akamaliza, akaketi kuuhukumu mchezo mzima, ni sawa na mgeni aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, akarudi, kisha akaandika kitabu kuhusu Tanzania. Basi akatuambie kwanza kwamba alifika Morogoro. Hapo kitabu chake kitasomeka. Kinachokera si ufupi wa safari yake. Kinachokera ni kuificha.

Najua sehemu ya tatizo letu inatoka wapi. Wengi wetu tulifundishwa kuhakiki kwa jedwali: fani upande huu, maudhui upande ule. Dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, muundo, mtindo. Mtihani ulipokaribia tulinunua mwongozo, na ndani ya mwongozo majibu yalikuwa yameshapangwa. Jedwali hilo linafaa pale maneno ya kazi yanapokaa mahali pamoja. Lipeleke kwenye mchezo wa maandishi uone. Mhusika mkuu ni nani? Ni wewe. Muundo ni upi? Inategemea ulipobofya. Mwisho wake? Upi?

Lakini shule hiyohiyo ilitupa kifaa tunachokihitaji, nasi tukakiacha kwenye daftari la fasihi simulizi. Kule tuliambiwa kwamba ngano haiishi kwenye karatasi. Kuna fanani, kuna hadhira, kuna mahali na wakati, kuna utendaji. Hadhira inaitikia, inaimba, inacheka mahali ambapo fanani hakutarajia, naye anabadilisha. Tuliambiwa kwamba anayekusanya ngano aandike nani alisimulia, mbele ya nani, waliitikiaje. Bila hayo amekusanya mifupa. Mchezo wa maandishi uko karibu na ngano ya jioni kuliko riwaya ya dukani. Una maandishi, ndiyo, lakini maandishi hayo yanasubiri mwitikio. Ukisema "paukwa" na hakuna anayesema "pakawa", hadithi haianzi.

Mfano wangu bora ni Photopia wa Adam Cadre, ulioshinda mashindano ya IFComp mwaka 1998. Ni hadithi ya msichana anayeitwa Alley, na nitaitoboa siri yake hapa bila kuomba radhi: Alley anakufa kwenye ajali ya gari, na huwezi kufanya lolote kumwokoa. Vipande vya hadithi vinakuja bila mpangilio wa wakati. Baadhi yake vinakupeleka kwenye ulimwengu wa ajabu wa sayari na kasri na fuwele, na hivyo unavicheza kama mchezo wa kawaida, unaandika amri, unaenda huku na huku. Baadaye ndipo unaelewa kwamba sehemu hizo za ajabu ni hadithi ambayo Alley, alipokuwa akilea mtoto wa jirani, alikuwa anamsimulia mtoto huyo, Wendy. Amri ulizokuwa unaandika zilikuwa sauti ya Wendy. Ulikuwa hadhira tangu mwanzo, na fanani wako ndiye aliyekufa.

Wakati ule wapo waliolalamika kwamba Photopia haumpi mchezaji nafasi ya kuamua mambo, kwamba unaburuzwa. Jambo lenyewe ni kweli, ila mhakiki akiishia hapo hajafika popote. Mtoto anayesimuliwa hadithi hana uwezo wa kuzuia kifo cha anayemsimulia. Kuna wakati mchezo unakuweka kwenye njia zinazopotezana za fuwele. Unatembea, unarudi, hupati njia ya kutoka. Kutoka kunawezekana tu ukivua vazi lako la angani, ukagundua una mabawa. Mhakiki anayeniambia alizunguka mara ngapi kabla ya kufikiria kuvua vazi hilo, na alihisi nini aliporuka, ananieleza Photopia. Anayeniambia mafumbo ni mepesi ananieleza kwamba ana haraka.

Hapa ndipo nitakaposikia kelele: "Umetoboa siri!" Nimetoboa, na ningetoboa tena. Hofu ya kutoboa siri imeufanya uhakiki wa michezo hii uwe kama tangazo la filamu: unasifiwa mwanzo, unafichwa mwisho, na katikati panafunikwa kwa vivumishi. Siwezi kueleza kwa nini Photopia ni kazi kubwa bila kusema Wendy ni nani. Weka onyo juu ya ukurasa, anayetaka kuondoka aondoke, kisha sema. Kazi ambayo haiwezi kujadiliwa baada ya kuchezwa haina maisha baada ya kuchezwa.

Nick Montfort, mtafiti wa michezo hii, alichapisha mwaka 2003 kitabu kinachoitwa Twisty Little Passages, na humo alidai kwamba babu wa mchezo wa maandishi ni kitendawili. Wasomaji wake wa Kiingereza huenda walihitaji kushawishiwa. Sisi hatuhitaji. Tunalo tendo lenyewe zima, na lina sehemu ambayo ingewafaa sana wahakiki.

Mtu anasema "Kitendawili!" Waliopo wanasema "Tega!" Anatega. Wanajaribu, wanakosa, wanajaribu tena. Wakishindwa kabisa, mtegaji anadai: "Nipeni mji." Wanampa mji. Anaupokea, anajisifu kidogo kwamba alikwenda huko akapokewa vizuri, na ndipo anatoa jibu. Angalia kilichofanyika. Kushindwa kumepewa nafasi ndani ya sanaa yenyewe. Aliyeshindwa hajaaibika, amelipa, na malipo yake ni kutamka wazi mbele ya watu kwamba ameshindwa. Hakuna mtoto aliyewahi kuondoka kwenye vitendawili akitangaza kwamba kitendawili kile ni kibovu kwa kuwa yeye hakukitegua.

Mhakiki wetu wa kisasa anakwama saa nzima mbele ya mlango, anafungua mwongozo wa majibu mtandaoni, anapita, halafu katika tahakiki yake anaandika tu kwamba mafumbo hayana mantiki. Mji hakutoa. Angesema: nilikwama kwenye mlango wa ghala, nilijaribu ufunguo, nyundo, na kumwita mlinzi, jibu lilikuwa kusubiri usiku, na hakuna sentensi hata moja kabla ya hapo iliyodokeza kwamba muda unapita. Huo sasa ni uhakiki. Mtunzi anajua pa kurekebisha. Msomaji anajua kama yeye ni mtu wa kuvumilia jambo hilo. Na mhakiki mwingine anaweza kumbishia: mbona saa ya ukutani ilitajwa chumba cha pili?

Kuna hukumu nyingine iliyo fupi kuliko hata nyota, nayo ni maneno mawili: "Si mchezo." Imetumika dhidi ya kazi nyingi, hasa zile ambazo nguvu yake iko katika kumnyima mchezaji uwezo. Katika Rameses wa Stephen Bond, uliotoka mwaka 2000, unamwongoza mwanafunzi wa shule ya bweni huko Ireland. Unamwamuru azungumze, hazungumzi. Unamwamuru amtetee mwenzake anayeonewa, anapata kisingizio. Amri zako zinaingia kwenye kichwa chake na kufia humo. Anayesema Rameses si mchezo kwa sababu mhusika hatii amechukua dhamira ya kazi akaiita kasoro.

Zoë Quinn na wenzake walipotoa Depression Quest mwaka 2013, walitumia mbinu ambayo hata kuielezea kwa maneno inauma. Unapewa orodha ya mambo ya kufanya: kumwambia mpenzi wako ukweli, kwenda kazini kwa moyo mkunjufu, kulala mapema. Yale mazuri zaidi yamekatwa kwa mstari. Unayaona, unayasoma, hayabofyeki. Mtu mwenye sonona anajua kinachopaswa kufanywa. Hawezi tu kukifikia. Ukisimulia njia yako humo, ukasema siku ya tatu chaguo tatu zilikuwa zimekatwa na nikabofya lililobaki, umesema zaidi ya mhakiki yeyote anayebishana kama kitu hiki kinastahili jina la mchezo.

Na hili halikuishia kwenye mabishano ya jina. Agosti 2014 lilianza wimbi la mashambulizi mtandaoni dhidi ya Quinn, lenye matusi na vitisho vya kuuawa. Miongoni mwa madai yaliyolibeba ni kwamba mwandishi mmoja wa habari aliusifu mchezo huo kwenye tahakiki kwa sababu ya uhusiano wa kimapenzi. Tahakiki hiyo haikuwahi kuandikwa. Haipo. Watu walimwinda mtu kwa sababu ya tahakiki ambayo hakuna aliyeisoma. Sisemi kwamba uhakiki bora ungezima chuki ile. Chuki ile ilikuwa na mizizi yake. Lakini ilipata mahali pa kusimama kwa sababu watu walishazoea kuona tahakiki kama alama inayotolewa, kitu cha kununuliwa, kuibwa au kuhongwa. Njia iliyosimuliwa inakaguliwa kirahisi zaidi: cheza mwenyewe, pita nilipopita, uone kama nimesema uongo.

Nirudi kwa IFComp, maana wapo watakaosema kwamba namba zina kazi yake. Zina. Mashindano hayo yalianza mwaka 1995 na yanafanyika kila mwaka. Waamuzi ni watu wa kawaida wanaojitolea. Kila mmoja anatakiwa acheze angalau michezo mitano, aupe kila mmoja alama kati ya 1 na 10, na alama hiyo itokane na saa mbili za kwanza za kucheza. Mwaka 2020 michezo iliyoshiriki ilizidi 100. Huwezi kuendesha kitu kama hicho bila mpaka wa muda na bila namba, na siilaumu kanuni.

Waandaaji wenyewe wanajua udhaifu wake. Wana tuzo ya utani inayoitwa Golden Banana of Discord, ndizi ya dhahabu ya mfarakano, inayokwenda kwa mchezo ambao alama zake zimetawanyika kuliko yote: huyu kaupa 10, yule kaupa 2. Ndizi hiyo ina hekima kuliko wahakiki wengi. Inakiri kwamba wastani wa 6 unaweza kuficha watu waliopenda sana na watu waliochukia sana, na kwamba hao ndio wenye jambo la kutuambia. Tatizo linaanza pale mhakiki anapotoka kwenye upigaji kura na kuichukua kanuni ya kura kuwa kanuni ya kusoma. Saa mbili zikipita anafunga. Mchezo unaokusudiwa wiki nzima unahukumiwa kwa mlango wake. Na upande wa pili, Queers in Love at the End of the World wa Anna Anthropy, wa mwaka 2013, unadumu sekunde 10 tu: dunia inaisha, uko na mpenzi wako, saa inahesabu, unabofya. Hapo saa mbili zitakufaa nini? Unaucheza mara ishirini, na tahakiki ya kweli ni orodha ya ulichochagua mara hizo ishirini na ulichokuwa hujasema saa ilipofika sifuri.

Pingamizi la kwanza ni kwamba msomaji ana haraka. Anataka kujua acheze au asicheze. Nalielewa. Ila sehemu kubwa ya michezo hii ni ya bure, na mingi ni miepesi mno. Faili la Zork I halifiki kilobaiti 128. Picha moja ya simu yako inalizidi mara nyingi. Kinachotumika ni muda tu, na kwa kuuonjesha muda huo aya tatu za njia uliyopita zinafaa kuliko nyota. Nikisoma jinsi mchezo ulivyokujibu ulipoandika upuuzi, nitajua kama nataka kuzungumza nao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba tahakiki itageuka shajara, mhakiki ajitazame mwenyewe badala ya kazi. Hatari hiyo ipo kwa mvivu. Kusimulia njia si kusimulia maisha yako. Sihitaji kujua ulikunywa chai gani. Nataka kujua uliandika nini, ulijibiwa nini, ulidhani nini, ukakuta nini. Michezo mingi ya amri ina uwezo wa kuhifadhi kila neno uliloandika na kila neno ulilojibiwa. Unaandika amri moja mwanzoni, na mwishoni una kumbukumbu nzima. Kundi linalojiita ClubFloyd hucheza pamoja, wengi kwa mchezo mmoja, na kuziweka hadharani kumbukumbu za vikao vyao. Zisome uone hadhira ikiitikia: huyu anataka kufungua sanduku, yule anamzuia, wa tatu anatania. Shajara haina ushahidi wa aina hiyo.

Namba zenyewe hazijakatazwa zikipima kitu kinachoeleweka. Andrew Plotkin, mtunzi mkongwe, alipendekeza madaraja matano ya jinsi mchezo unavyomtendea anayekosea: wenye huruma, wenye adabu, mgumu, mkorofi, katili. Wenye huruma haukuachi ukwame kamwe. Katili unakuacha uharibu kila kitu mapema bila kujua, ukaja kugundua saa tatu baadaye. Madaraja hayo hayasemi mchezo ni mzuri au mbaya. Yanasema uhusiano wake na wewe ukoje.

Kwa nini hili linatuhusu sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili? Kwa sababu ni sanaa tunayoimudu. Haidai kampuni, haidai wachoraji mia, haidai kompyuta ya mamilioni. Inadai mtu anayejua kuandika na kuwaza mwenzake atajibu nini. Na lugha yetu ina jambo lake la kuleta. Mchezo wa Kiingereza ukiambiwa uchukue "it", inabidi ukisie: taa, kisu au gogo? Mchezaji wa Kiswahili akiandika "kichukue", taa na gogo vimeshaondoka mezani, kimebaki kisu. Ngeli imefanya nusu ya kazi. Lakini mtunzi lazima aifundishe programu hilo, pamoja na "ichukue" na "lichukue" na "zichukue zote", na atakosea mahali fulani, kila mtunzi hukosea. Mhakiki atakayempa nne kati ya kumi atamrudisha nyumbani. Mhakiki atakayemwambia kwamba niliandika "limulike" mbele ya pango na programu ikadhani nasema kitu kingine, huyo atakuwa amemsaidia kuandika toleo la pili.

Kwa hiyo ukicheza mchezo wa mtu, hasa wa mtu asiyelipwa, washa kumbukumbu kabla ya amri ya kwanza. Cheza mara mbili, na mara ya pili fanya kinyume. Ukiandika, anza na onyo, kisha sema ulichofanya, ulichokataliwa, mwisho uliofika na mwisho unaoshuku kwamba upo ila hukuuona. Ulipokwama, taja mji. Ukiona bado kuna nafasi ya nyota, ziweke chini kabisa, ambapo aliyekwisha kusoma yote hatazihitaji tena.